Asubuhi ya Senene Kwenye Rweya

(Maneno ya Mratibu wa Miradi kwa wajumbe wa kamati za maendeleo za sharika. Yamefupishwa kidogo kwa ajili ya jarida hili.)



Tumepangiwa kuzungumza juu ya upandaji wa miti katika maeneo ya wazi. Takwimu za miche, vitalu na fedha zimo katika makabrasha mliyogawiwa asubuhi, na mwenzetu wa uhasibu atazipitia mstari kwa mstari baada ya chai. Sisi tumeomba nafasi hii tuseme jambo moja lililotokea kazini, ambalo katika fomu ya taarifa ya robo mwaka halina safu yake. Fomu ile ina safu ya shughuli iliyopangwa, safu ya shughuli iliyofanyika, safu ya changamoto na safu ya hatua zilizochukuliwa. Siku tunayotaka kuisimulia, shughuli iliyopangwa haikuanza kwa wakati wake na hakuna aliyelalamika. Tulijaribu kuiingiza katika safu ya changamoto, ikakataa kukaa. Ilikuwa furaha, na ilitupa kazi ya kufikiri ambayo hatujaimaliza mpaka leo.

Sisi watu wa Kagera neno "ghafla" linatushtua, na tunazo sababu. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kuuteka upande wa kaskazini wa Mto Kagera. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa katika mkoa huu, na kila usharika hapa unajua idadi ya yatima waliofuata. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikiwa inakaribia Mwanza. Mwaka 2006 mnyauko wa migomba ulionekana Muleba, na watu wakaanza kuchimbua mashina waliyoachiwa na babu zao. Tarehe 10 Septemba 2016 ardhi ilitetemeka mchana kweupe na nyumba zikaanguka. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria iliangukia ziwani karibu na uwanja wa Bukoba, na watu 19 wakapoteza maisha. Machi 2023 ukaja ugonjwa wa Marburg. Kwa hiyo simu ikilia kabla ya jua kutoka, mtu wa kwetu hukaa kitandani kwanza, ndipo huipokea.

Ndiyo maana siku ile, tulipoona watu wanakimbia barabarani, tulidhani kuna ajali.

Siku yenyewe

Ilikuwa siku ya kazi kama nyingine, mwezi wa Novemba, msimu uliopita. Tulitoka Bukoba mjini saa kumi na mbili asubuhi tukiwa wanne: dereva, mhasibu, bwana misitu na sisi wa ofisi ya miradi. Tulikuwa tunakwenda katika usharika mmoja wa wilaya ya Muleba kupima eneo la wazi ambalo kamati ilikuwa imeliomba kwa ajili ya kupanda misonobari, ile tunayoiita paini. Miche ilikuwa tayari kitaluni. Kikao na kamati kilipangwa saa mbili, kupima saa tatu, chakula saa saba, na kurudi mjini kabla ya jioni. Mpango kazi ulikuwa safi kabisa.

Usiku mvua ilikuwa imenyesha sana, ikakatika alfajiri. Tulipopita Kemondo tuliwaona watoto wa shule wakikimbia na ndoo, wakiupa mgongo upande wa shule. Mbele kidogo tukawaona wanaume wawili wakiwa na sufuria kichwani. Dereva akapunguza mwendo, akashusha kioo, akauliza kuna nini. Kijana mmoja alijibu neno moja bila kusimama: "Senene!"

Tuwaeleze ukweli, wapendwa: ndani ya gari ile nidhamu ya kazi iliyumba palepale. Mhasibu aliacha kuhesabu stakabadhi. Bwana misitu, ambaye kwao ni mkoa mwingine, aliuliza kama tutasimama. Dereva akajibu kwamba tunakokwenda ni juu zaidi na nyasi ni nyingi zaidi, akaongeza mwendo.

Tulifika kabla ya saa mbili. Kengele ya kanisa ilikuwa imelia na hakuna mtu kanisani. Mlango wa ofisi ya usharika ulikuwa wazi, daftari la mahudhurio liko mezani, kalamu juu yake, watu hawapo. Tukatoka nje, tukatazama kilimani, tukaona kijiji kizima kiko kwenye rweya. Ukungu ulikuwa bado haujainuka, kwa hiyo tuliona vichwa na migongo tu, mamia kwa mamoja wameinama kama watu wanaotafuta sindano. Mchungaji alikuwa huko, suruali imekunjwa hadi magotini. Mwenyekiti wa kamati alikuwa huko na dumu lililokatwa mdomo. Mwalimu wa Shule ya Jumapili alikuwa huko na wanafunzi wake wote. Alipotuona, mwenyekiti hakusema karibuni. Alisema, "Mmekuja na vyombo?"

Hatukuwa na vyombo. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, na gari la mradi lilikuwa na kamba ya kupimia, vigingi na nyundo tu. Bwana misitu alivua kofia yake. Dereva alifunga mikono ya koti lake fundo, akapata magunia mawili madogo. Mhasibu alisimama pembeni kwa muda na viatu vyake vilivyong'arishwa, akitazama umande. Kisha akazitoa karatasi kwenye mkoba wa ngozi, akazipanga vizuri juu ya kiti cha gari, akaingia nyasini na mkoba mtupu.

Kwa marafiki wasiowajua, senene ni mdudu wa jamii ya panzi mwenye kichwa kilichochongoka na papasi ndefu kuliko mwili. Wataalamu humwita Ruspolia differens. Wengine ni wa kijani, wengine wa kahawia, na wachache wana rangi ya zambarau. Si ndugu wa karibu wa nzige wa jangwani, wale waliotishia nchi za Afrika Mashariki kuanzia mwishoni mwa 2019. Nzige akitua, mkulima hulia. Senene akitua, mkulima huyu wa migomba huita jirani. Hula nyasi na mbegu za nyasi, huruka usiku kwa makundi makubwa nyakati za mvua, hasa Novemba na Desemba, na kidogo tena karibu na Aprili na Mei. Wenzetu Waganda wameuita mwezi wa Novemba kwa jina lake, Museenene, na wana ukoo mzima wenye jina hilo. Alfajiri, akiwa amelowa umande na baridi imemshika, hukaa kwenye jani ametulia na unaweza kumchuma kama unavyochuma maharage. Jua likipanda akapata joto, anaruka, na kazi imekwisha. Kwa hiyo mtu ana saa moja, akibahatika saa mbili, na hakuna mwenyekiti anayeweza kuahirisha muda huo.

Tulichuma mpaka ukungu ukainuka. Kulikuwa na vicheko ambavyo katika vikao vyetu hatujapata kuvisikia. Mzee mmoja aliyekuwa na kesi ya mpaka na jirani yake, kesi ambayo sisi wenyewe tumewahi kuisikiliza mara mbili, alikuwa akichuma upande mmoja wa kichaka na jirani yuleyule upande wa pili. Hatukusikia wakisemezana, lakini tuliona mmoja akimsogezea mwenzake ndoo kwa mguu. Watoto waliojaza chupa za maji walikuwa wakizitikisa masikioni wasikie senene wakikwaruza. Wakati ule tulikuwa tunakanyaga eneo lilelile ambalo ramani ya mradi imeliandika "ardhi tupu isiyotumika".

Kikao cha kunyonyoa mbawa

Kikao kilianza saa nne badala ya saa mbili, na hakikufanyika ofisini. Kilifanyika chini ya mwembe ulio nyuma ya nyumba ya mchungaji, kwa sababu senene lazima wanyonyolewe mbawa na miguu siku hiyohiyo. Kila mjumbe aliweka ungo au sinia mbele yake, mikono ikafanya kazi na midomo ikajadili. Tukafungua kwa sala, tukasoma ajenda: upimaji wa eneo la rweya kwa ajili ya msitu wa usharika.

Vijana walisema kwanza, na walisema vizuri. Mmoja alieleza kwamba familia yao ilipanda mikaratusi kidogo na mauzo ya nguzo ndiyo yaliyomlipia ada ya chuo. Alisema baada ya tetemeko la 2016 watu walihangaika kupata mbao za kujengea upya. Alisema usharika hauwezi kuendelea kutegemea sadaka na wafadhili peke yake, na mti hukua hata mwenye nao akiwa amelala. Hakuna aliyempinga, na sisi pia hatuna la kumpinga.

Ndipo akasimama bibi mmoja mjane, mikono yake ikiwa inameta mafuta. Alituita "wanangu", akaomba radhi kwa kuongea na senene mikononi. Akasema kwamba alipokuwa msichana, mama yake aliwaamsha gizani kwenda rweya, na wakirudi senene wote walikuwa wa baba. Mwanamke hakuruhusiwa kula. Alichuma, alinyonyoa, alikaanga, akampelekea mume, na mume muungwana alimnunulia mkewe kitambaa kipya kwa shukrani. "Sisi wasichana," alisema, "tulikuwa tunajifuta mikono kinywani." Watu wakacheka sana. Yeye hakucheka. Akauliza: "Hiyo paini itakapofunga kivuli na nyasi zikafa chini yake, senene wataanguka wapi?"

Tulimgeukia bwana misitu. Yeye ni mtaalamu, na alijibu kitaalamu: chini ya misonobari iliyopandwa kwa kubanana, mwanga haufiki, sindano zake hufunika ardhi, na nyasi hazioti tena kama zamani. Senene akipita usiku anatafuta nyasi. Hatatua msituni.

Bibi akaongeza jambo la pili, na hili ndilo lililotukalisha kimya. Alisema kibanja anacholima ni cha ukoo, na amebaki pale kwa jina la mtoto wake wa kiume. "Rweya," akasema, "ndipo mahali pekee ninapokwenda bila kuomba ruhusa ya mtu."

Rweya ni nini

Wajumbe wengi hapa mmezaliwa kwenye vibanja na hamhitaji somo hili. Tutalisema kwa ajili ya wanaotusoma kutoka mbali, na kwa ajili yetu sisi wa ofisini ambao tumeanza kusahau.

Nchi ya Wahaya ina ardhi ya namna mbili. Kuna kibanja, yaani shamba la migomba, kahawa na maharage linaloizunguka nyumba. Na kuna rweya, nyanda za nyasi zilizo kati ya kijiji na kijiji. Mgeni akitazama kutoka barabarani huona kibanja cha kijani kilichonona na rweya iliyopauka, akadhani Mungu aliwapendelea watu wa kibanja. Ukweli ni kwamba udongo wetu kwa asili ni dhaifu, mvua nyingi za kando ya ziwa zimeuosha kwa muda mrefu. Kibanja kilitengenezwa kwa mikono. Ng'ombe walilishwa rweya mchana, wakalala nyumbani usiku, na samadi yao ikaenda kwenye migomba. Nyasi zilikatwa rweya, zikatandazwa chini ya migomba zitunze unyevu. Nyasi za rweya ziliezeka msonge, na nyasi za rweya zilitandikwa sakafuni mgeni akalie. Kwa vizazi vingi rweya ilikuwa ikikilisha kibanja, na ndiyo sababu yenyewe ikabaki maskini. Sotoka ilipoua ng'ombe katika miaka ya 1890, wazee walioona migomba ikidhoofika walijua vizuri chanzo chake.

Aidha, wanawake walikuwa na msiri, yaani vishamba vya kuhamahama walivyofungua kwenye rweya, wakapanda njugu mawe, wakavuna, wakaviacha vipumzike. Kibanja kilikuwa cha ukoo, na ukoo kwa mila ulikuwa wa wanaume. Mabadiliko yamekuja. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua, katika shauri lililotoka hapahapa kwetu, kwamba mwanamke wa Kihaya ana haki ya kuuza ardhi ya ukoo sawa na mwanamume. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zimesimamia usawa huo. Hata hivyo mnajua, na sisi tunajua, kwamba hukumu husafiri polepole kutoka Mwanza hadi kwenye baraza la ukoo. Mjane ambaye jina lake halimo kwenye kibanja bado ana rweya: nyasi za kutandaza, kuni za vichaka, njugu mawe, na asubuhi chache za Novemba.

Liko pia suala la lishe. Ndizi hushibisha, lakini ndizi peke yake haimjengi mtoto. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba hapa Kagera karibu mtoto mmoja kati ya watatu walio chini ya miaka mitano amedumaa. Senene wana protini na mafuta kwa wingi, kiasi kwamba hukaangwa bila kuongezewa mafuta. Hatusemi kwamba senene watamaliza udumavu, kwa maana msimu wao ni mfupi. Tunasema kwamba siku ile tuliona akina mama wakila senene pamoja na watoto wao, mbele ya wanaume, na hakuna aliyeshtuka. Mila iliyomfanya bibi yule ajifute mikono kinywani inaondoka yenyewe, bila semina na bila posho. Itakuwa ajabu kama mwanamke ataruhusiwa kula mwaka uleule tunaoondoa mahali pa kuchuma.

Mtasema senene wa siku hizi hukamatwa mjini kwa taa. Ni kweli. Wafanyabiashara huweka taa kali, husimamisha mabati laini mapya, na chini yake mapipa. Senene hufuata mwanga, hugonga bati, huteleza, huingia pipani. Ni biashara halali na wapo vijana wa sharika zetu wanaoishi kwayo. Masaka kule Uganda wameifanya kuwa biashara kubwa. Ila taa, mabati na umeme vinahitaji mtaji. Kwenye rweya alfajiri mtaji ni macho na kopo. Aliye na jenereta na asiye na kitu huinama sawasawa, na ni mahali pachache sana katika kazi zetu za maendeleo tunapoweza kusema hivyo.

Kamati iliamua nini

Hatukupima siku ile. Kamati iliomba wiki mbili, ikaitisha mkutano, na akina mama wakakaa kwanza peke yao bila sisi. Tuliporudi, walitutembeza kwa miguu. Walituonyesha ukingo wa juu ulio wazi ambako senene huanguka zaidi, mahali pa kukata nyasi za matandazo, mahali pa njugu mawe, na bonde la chemchemi ambalo hawataki mikaratusi iusogelee kwa sababu hunywa maji mengi. Wakatuonyesha pia mteremko wa mawe karibu na barabara ambao hauna mtumiaji, na ambao gari la mbao linaweza kuufikia. Misonobari imepandwa hapo. Ukingo wa juu umebaki nyasi, na mpaka wake umeandikwa katika muhtasari wa Mkutano Mkuu wa Kijiji, kwa kuwa kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ardhi ya matumizi ya pamoja ni ya kijiji, haigawiwi na kamati ya usharika wala na ofisi yetu. Miche iliyobaki kitaluni ilikwenda kwa kaya zilizotaka kuipanda kwenye mapori yao wenyewe. Wengine wameomba kwamba kitalu cha mwaka ujao kiwe na mihumula na mishambya, miti ya kwetu inayokubali kuishi na migomba.

Yule kijana wa mikaratusi hakuridhika sana. Alisema mteremko ule ni mdogo na mapato yatachelewa. Ana haki ya kusema hivyo, na hoja yake imeandikwa katika muhtasari pamoja na ya bibi. Kamati imemweka kuwa msimamizi wa msitu.

Kwa marafiki wafadhili tunasema hili kwa heshima. Katika taarifa mtaona usharika huo umepanda miti michache kuliko ilivyoandikwa katika andiko la mradi. Msidhani watu wamelala. Tofauti ile ni ukingo wa nyasi, umeachwa kwa makusudi, na una watumiaji wengi kuliko msitu. Hatuwezi kuwatumia picha ya miche iliyonyooka mistari kutoka pale. Tunaweza kuwatumia picha ya nyasi tu, na tunaomba muipokee kama picha ya mradi.

Hatuwaahidi pia kwamba senene watakuja. Miaka mingine huja kwa wingi, mingine huanguka wachache, na hakuna mpango kazi unaowapa tarehe. Kazi yetu inaishia kwenye nyasi. Kuja ni kwao.

Tunachowaomba

Wajumbe wapendwa, sharika nyingi zilizowakilishwa hapa zina maombi ya miti mezani kwetu, na tutayashughulikia yote. Kabla hatujaja na kamba ya kupimia, tunaomba kila kamati ifanye mambo haya.

Kwanza, tembeeni kwenye rweya yenu kwa miguu, mara moja wakati wa kiangazi na mara moja wakati wa mvua, kwa sababu ardhi inayoonekana tupu Julai yaweza kuwa imejaa watu Novemba. Andikeni nani anaitumia, kwa kazi gani, na mwezi gani.

Pili, waulizeni akina mama wakiwa peke yao, hasa wajane na wale wasio na kibanja cha jina lao. Katika kikao cha wote watasema "sawa", na mnajua maana ya "sawa" ile.

Tatu, tengeni kabisa sehemu ya kubaki nyasi, na ipitishwe na Mkutano Mkuu wa Kijiji ili mwenyekiti ajaye asiigawe. Miti ipewe miteremko ya mawe, kando za barabara na mipaka ya mashamba. Chemchemi ziachiwe nafasi.

Nne, neno "ardhi tupu" tunaliondoa katika fomu zetu kuanzia robo mwaka hii. Mahali pake patakuwa na mstari unaouliza matumizi ya sasa ya ardhi. Msiuache wazi. Mkiona hakuna cha kuandika, rudini kwenye jambo la kwanza.

Mtu ataona ni jambo dogo kusimamisha mradi wa miti kwa ajili ya mdudu. Sisi tumefanya kazi hii miaka mingi, na tumehudhuria vikao vingi ambavyo watu hukaa wamenuna wakisubiri posho. Asubuhi ile tuliwaona watu walewale wakiwahi kabla ya jua bila kuitwa, wakiwa na furaha, na bila mmoja kuachwa nje. Tulitaka kujua ni nini kiliwezesha jambo hilo, na jibu tulilopata ni kwamba palikuwa na nyasi ambazo hazikuwa za mtu.

Mhasibu anawasubiri na takwimu zake. Mkimwona, msimuulize juu ya mkoba wa ngozi. Ameusafisha mara tatu na bado unanukia. Sisi tunawaarifu kwamba ratiba ya vikao vya Novemba tumeiandika kwa penseli, na hakuna kikao kitakachoanza kabla ya saa nne.